Siagi Usoni mwa Apolline

Jumapili, 3 Februari 1957

Baada ya misa, wakwe watarajiwa walifika kutoka Kavumu. Apolline, binti yangu wa pekee, alileta kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kama desturi yetu inavyotaka, aliionja kwanza kwa mrija, kisha akampa Mzee Philémon, baba mdogo wa mchumba wake Grégoire. Mzee hakunywa. Ati tumbo linamsumbua. Tumbo! Na sahani ya nyama ilikuwa tupu mbele yake.

Ndipo nikamtazama binti yangu usoni. Mashavu yote chunusi – kubwa, nyekundu, nyingine zina usaha. Nilikuwa wapi?

Jumatatu, 4 Februari

Dada yangu Nsimire amerudi sokoni analia. Watu wanasema Apolline ana ukoma. Nilimwamuru anyamaze. "Yaya, kaka yangu, mimi nanyamaza. Kavumu yote ndiyo inasema!"

Nsimire ndiye anayempaka siagi ya ng'ombe, asubuhi na jioni, kama apakwavyo kila bibi arusi kwetu. Chunusi zilipozidi, akaongeza siagi.

Jumatano, 6 Februari

Hospitali. Daktari alimfumbisha macho, akamgusa mashavu kwa ncha ya sindano. Alihisi kila mguso. Si ukoma. Chunusi za ujana tu! Nilitaka kupiga magoti palepale.

Dawa: kuosha uso kwa sabuni, kisha pomadi ya salfa kila jioni. Zikivimba sana, sindano za penisilini. Ipo pia mashine ya miale, lakini daktari hamshauri msichana kuitumia. Inaweza kuharibu ngozi. Siagi ikome leo. Subira miezi mitatu, labda zaidi – na arusi ni Jumamosi baada ya Pasaka.

Apolline aliuliza kama makovu yatabaki. Mengine, daktari alijibu.

Njiani akaniuliza: "Papa, niko mubaya hivi tangu lini?" Nilitaka kusahihisha Kiswahili chake. Nikamshika mkono tu.

Jumamosi, 16 Februari

Pomadi ni ya manjano, inanuka kama kiberiti kilichowashwa. Ngozi inababuka. Uso umekuwa mbaya kuliko mwanzo. Nsimire amekasirika: "Bibi arusi bila siagi? Watasema tunamuzika!" Nimeficha chungu cha siagi chumbani mwangu. Mzee mzima, naficha siagi.

Jumatatu, 18 Februari

Nilipanda lori hadi Kavumu. Nilimweleza Mzee Philémon maneno yote ya daktari, kwa utaratibu. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha: "Mwalimu, ile daktari hataishi naye nyumba moja. Ni mutoto wetu ndiye ataishi naye."

Walinipa maji katika kopo la bati. Nilipoaga na kugeuka, niliona mke wake akilitupa lile kopo migombani.

Sikumwambia Apolline. Nilimwambia wanamsalimu.

Alhamisi, 28 Februari

Chunusi mbili kubwa za kidevuni zimekauka. Apolline alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akatabasamu kidogo. Upande mmoja tu wa mdomo. Mama yake, Mungu amrehemu, alitabasamu hivyohivyo.

Jumapili, 3 Machi

Grégoire amekuja. Peke yake, kwa baiskeli, kutoka Kavumu! Nilimkaribisha ndani. Akasema hakai, Papa, ana haraka. Hakunitazama machoni.

Apolline aliisikia sauti yake, akaruka kutoka kitandani. Uso wote manjano kwa pomadi ya jioni. Nilimsihi anawe kwanza, kijana atasubiri. "Hapana, Papa. Mume wangu anione vile niko."

Mume wangu, amesema.

Ametoka. Nsimire ameshika rozari. Siwezi kutoka, siwezi kukaa. Naandika nimesimama dirishani, daftari ukutani. Apolline amefika mbele yake. Anasema jambo, silisikii. Sasa amenyoosha mkono kumsalimu.

Grégoire ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono yote miwili. Anatazama gurudumu.

Mwanangu, shusha mkono. Hashushi –