Wikendi ya Mlimani na Shemeji

Jumatano, 9 Oktoba

Leo tumeweka vigae vyoo viwili, ghorofa ya nne. Magoti yamekufa. Shemeji kachanganya saruji nyepesi kama uji, nikamrudishia ndoo yake. Akacheka tu. Anasema Jumamosi natimiza arobaini, na siku za mwizi ndizo hizo, lazima tusherehekee. Kumbe ameshapanga safari! Nchi ya mlimani, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa saa tatu kwa basi. Nchi yenyewe ndogo — kwenye ramani ya ofisi ya msimamizi jina lake halikuenea ndani, wameliandika pembeni na kuchora mstari.

Sikutaka. Nilitaka kulala. Lakini miaka minne tunalala chumba kimoja na hajawahi kunipa hata soksi. Nikasema haya.

Ijumaa, 11 Oktoba

Begi langu dogo. La shemeji zito kama la mtu anayehama. Nilipomtania akasema huko ni baridi, nitamkumbuka.

Dada amepiga jioni. Anahesabu wiki. Desemba tunakwenda nyumbani wote wawili, mara ya kwanza tangu tuje huku. Ameshapaka rangi chumba chao. Watoto wanagombania nani atalala na baba. Akauliza kama mumewe anakula. Nikamwambia anakula kuliko mimi. "Nitunzie mwenzangu," akasema, kama kila wiki.

Mimi ndiye niliyempeleka shemeji kwetu. Alikuwa rafiki yangu wa kazi kabla hajawa mume wa mtu. Baba alisita, nikamwambia huyu namjua.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mpakani kibanda kimoja, askari mmoja. Karatasi zangu alizisoma mbele na nyuma. Za shemeji hata hakuzifungua — "Umerudi, fundi?" Shemeji akasema amemfananisha. Nikaamini. Au sikufikiri.

Nchi yote unaiona ukiwa kwenye ngazi za kituo cha basi. Mtaa mmoja unapanda, mwingine unashuka. Benki, duka la saa, duka la viatu, imekwisha. Mtu akipiga chafya huku juu, wa kule chini anamwambia pole. Ukungu. Sikuhisi kitu.

Tumefikia nyumba ya wageni. Mwenyewe ni mama wa makamo, mrefu, mpole, mikono ya mtu anayefua. Keki ilikuwa mezani na jina langu juu yake, herufi zote mahali pake! Watu wa huku huwa hawaliwezi. Nikafurahi. Nadhani nilifurahi.

Nikaingia bafuni kunawa. Vigae vyeupe. Nikasimama.

Fundi yeyote huanza katikati ya chumba, akaenda kwenye kuta, vipande vilivyokatwa vikakaa pembeni sawasawa. Shemeji huanzia mlangoni. Nimemgombeza mpaka nimechoka. Ukianzia mlangoni, vipande vyembamba vinaangukia ukuta wa mbele, upana wa vidole viwili, kama meno ya mtoto. Vilikuwepo pale, chini ya dirisha. Na nyuma ya beseni kuna lile tundu ambalo husahau kuliziba kila nyumba tunayofanya.

Nikagonga kwa kifundo cha kidole. Saruji imeshakomaa, kama mwaka hivi. Mwaka jana aliniambia kila wikendi ana kibarua mjini.

Nikanawa uso. Nikatoka. Nikala keki, vipande viwili.

Dada akapiga kunitakia heri. "Mwenzangu yuko wapi?" akauliza. Nikasema anaoga. Alikuwa amekaa mbele yangu, miguuni ndara zilizokwisha kushika umbo la nyayo zake.

Jumapili, 13 Oktoba

Asubuhi akanitoa matembezi. Tulipanda mpaka pumzi ikaisha, tukakaa kwenye ukuta wa mawe. Nikasema, "Bafu umelianzia mlangoni."

Akauliza, "Umeona?"

"Kipofu angeona."

Akasema harudi. Kazini harudi, nyumbani haendi. Dada yangu hana kosa hata moja, akaapa. Ila kule chumbani kwetu tulikuwa tunangoja kuzeeka, na hapa yupo yule mama, anayemuuliza amelalaje. Anataka mimi ndiye nikamwambie dada. Likitoka kwangu litamuuma kidogo, eti.

"Yaani ndoa yako unaivunja kwa kunituma mimi? Kama kifurushi?"

"Shemeji, nakuomba."

"Usiniite shemeji."

Hakujua aniite nani.

Niliitafuta hasira kama mtu anavyotafuta funguo mifukoni. Haikuwepo. Magoti yaliniuma, hilo tu. Nilifikiria ile rangi ya chumba. Sikumuuliza dada ni rangi gani.

Saa nane mchana. Nipo ndani ya basi, kiti cha pili, kando yangu hakuna mtu. Yeye yuko nje, mikono mfukoni. Kanibebea begi mpaka hapa na sikumkatalia.

Simu inaita. Dada — na anapiga kwa video. Jumapili hupiga saa hizi kwa kuwa anajua tuko pamoja. Nikipokea ataona kiti kitupu. Au niielekeze dirishani amwone mwenyewe, ajieleze kwa kinywa chake. Dereva amewasha gari.

Imekatika. Naandika ili mkono uwe na kazi.

Inaita tena. Naye huko nje ameiona inavyowaka. Anatikisa kichwa, nisipokee. Anatikisa, anatikisa — ameacha. Anasogea. Ameshika chuma cha ngazi ya basi. Dereva anamuuliza kama anapanda.