Goti la Mbuzi wa Akika

Jumatatu, 3 Novemba
Korogwe. Buchani tena. Nikamwambia muuzaji: goti zima la mbuzi, usilikate. Akaitikia vizuri kabisa. Nageuka kupokea simu, nasikia pa! pa! Shoka. Kanikatia vipande vya supu, na mguu wa nyongeza bure. Jamani! Kwake yeye, anayetaka goti anataka supu. Nikashukuru huku nimenuna.

Gegedu ni ule utando mweupe unaoteleza mwishoni mwa mfupa. Likipigwa shoka linapondeka, kwenye hadubini naona vurugu tu. Na hadubini ya kuazima, inaondoka Jumamosi. Bila picha ya gegedu zima sina utafiti, sina shahada.

Jumanne, 4 Novemba
Nimekuja kulala nyumbani, Kabuku. Mama anaswali kwenye kiti. Magoti yamekwisha, miaka yote ile ya kukata mkonge. Ndiyo sababu nasomea hili. Sijamwambia.

Nimelia jikoni. Dada Zaina kanikuta. Keshokutwa anamfanyia mwanawe akika, mbuzi wa shukrani kwa kuzaliwa kwake. Akaniuliza, "Kwani mfupa wa akika si hauvunjwi?" Nikamkumbatia na mwiko wake mkononi.

Jumatano, 5 Novemba
Furaha imekatika. Mifupa ya akika huzikwa, haizururi. Nimeona haya hata kuomba. Zaina kamweleza Mama, naye hakuniuliza. Kachukua fimbo, kaenda kwa shehe kwa magoti yale yale, kapumzika njiani mara kadhaa. Shehe karidhia: isivunjwe, na irudi izikwe na mingine.

Nampenda mama yangu mpaka naumia.

Alhamisi, 6 Novemba
Shemeji kachinja. Kisu tu, kwenye viungo. Mguu mmoja kautoa nyama yote, mifupa miwili ikabaki imeshikana gotini. Ndoo, barafu, basi. Wenzangu wanakula pilau, mimi nimefika Segera na mguu wa mbuzi mapajani. Mtoto kaitwa Hadija. Dua yake imenipita. Imeniuma.

Ijumaa, 7 Novemba
Korogwe tena. Nimefungua goti. Linang'aa. Nikakata gegedu kwa wembe, vipande vyembamba mno, mfupa sikuugusa. Rangi. Kioo. Hadubini.

Zikatokea. Seli za juu zimelala bapa. Za chini zimekaa mbilimbili kwenye vishimo vyao, kama vifaranga kiotani. Hakuna iliyopondeka. Nimepiga picha mpaka macho yakauma.

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi.

Jumapili, 9 Novemba
Tumezika mifupa nyuma ya nyumba, yote mizima. Shemeji kanipa jembe, nikafukia mimi.

Baadaye nikamwonyesha Mama picha. Nikamweleza kwamba gegedu hili hukaa gotini, mfupa usisage mfupa. Nikamwambia pia kwa nini nalisomea. Kaitazama, kisha kajishika goti.

"Kumbe hiki ndicho kilichoniishia."

Ndiyo, Mama.

Adhana ya alasiri. Nikamsogezea kiti, nikatandika mkeka wangu kando yake.