Kwa Faida, Aliyeshindwa Kumlilia Mama Mkwe

Faida, mtoto wa dada yangu,

Kidonge cha asubuhi nimekwisha kukimeza. Bado niko hai, na jambo hilo linanishangaza, maana daktari alitabiri kinyume chake. Unakumbuka alivyotuambia, sote wawili tukiwa na bandeji shingoni: kansa ya tezi ya shingo kwa kawaida huwaacha vijana waishi miaka mingi, ila huwa kali kwa wazee. Ukanigeukia: "Basi mujomba, ile baisikeli yako utaniachia." Tulicheka bila sauti. Uvimbe ulikuwa umeushika mshipa wa neva unaoendesha sauti, kwako na kwangu vilevile, na baada ya kupasuliwa tulibakiwa na pumzi tu.

Ngoja nieleze, hata kama huko uliko unasema nimeanza tena darasa. Ugonjwa ulikuwa mmoja, kovu lilelile. Lakini wodini niliona: sisi wazee wanaume tuliulizia chakula, na wasichana walilala macho wazi, mkono shingoni. Si kwamba sisi hatukuogopa. Ila shingo ya mzee haina anayeitazama, na mwanaume akinyamaza watu husema ana busara. Wewe ulikuwa kijana, mume yuko Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, mtoto mmoja, na majirani wanauliza wa pili atakuja lini. Kila mtu alikuwa na haja na uso wako na sauti yako.

Kisha mama mkwe wako akafa huko kwao, kijiji cha Wamaza. Mkamwana ndiye anayetangulia kulia, tena asikike mpaka barabarani. Uliingia kati ya wanawake, ukafungua kinywa, ikatoka pumzi tupu. Mimi nilikuwa nje na wanaume, sina sauti kama wewe, nao waliniletea kiti. Huko ndani shangazi wa mume wako alikunyooshea kidole kama mchawi: "Mumuangalie! Amemukula, sasa atamulilia na nini?"

Ulirudi nami nyumbani kwangu Kasongo, ukakataa vidonge. Nilikueleza kwamba tezi ikishatolewa, bila kidonge moto wa mwili unapungua kama jiko lisiloongezwa makaa. Ulisikiliza kwa adabu, ukageukia ukuta. Jua la saa sita likiwaka, ulijifunika blanketi mbili. Uso ulivimba ukawa wa mtu nisiyemjua. Ulikuwa ukiongea polepole, ukiacha nafasi kati ya neno na neno, kama anayemsubiri mwingine amalize kusema. "Uniache, mujomba. Kama ni miye nilimukula, niende nimuulize."

Ukaenda. Kansa haikukuua, Faida. Ile ya kuua ilikuwa yangu.

Sasa nikuambie ya matanga yako, hapa kwangu. Ilikuwa mchana, wanawake ndani, sisi nje. Sikukusudia kulia. Kifua kilifunguka chenyewe, na kilichotoka hakikuwa changu. Ilikuwa pumzi yako, ileile ya Wamaza, ndefu, yenye kukwaruza mwishoni. Ndani wakanyamaza wote kwa mara moja. Binti yako Riziki akatoka mbio: "Mama?" Akatazama nyuso zetu moja moja mpaka akafika kwangu, akasimama hapo. Sikuthubutu kufunga kinywa wala kukifungua. Yule shangazi wa mume wako, aliyekuja na watu wa Wamaza, alipitia mlango wa nyuma, akapanda pikipiki bila viatu. Leo huko Wamaza watu wanasema marehemu amejililia mwenyewe, na Riziki asikanyage tena kwa baba yake.

Hilo ningelivumilia. Lakini juzi nilimkuta Riziki nyuma ya nyumba, ameinamia beseni la maji, kinywa wazi, mishipa ya shingo imesimama, wala hakuna sauti. Koo lake ni zima, unajua anavyoimba. Nikamuuliza anafanya nini. Akanong'ona: "Ninajifunza kulia kama mama." Tangu hapo ananong'ona tu. Mara nyingine anakatiza, anainamisha kichwa, anasikiliza, kisha anaitika. Mimi sisikii kitu. Sijamuuliza anamwitikia nani. Kama ni wewe, mwanangu, nakuomba umwache aseme.

Kwa hiyo nimepatana na mtu wa pikipiki. Alhamisi tunakwenda Wamaza, Riziki akiwa kati yangu na dereva. Nitaingia upande wa wanawake, mzee mzima, wacheke wakitaka. Nitafungua kola waone kovu. Nitamlilia mama mkwe wako mchana kweupe, kwa niaba yako, mpaka mtoto aone kwa macho yake kwamba pumzi hii inatoka kooni mwa mtu hai ambaye hakumla mtu. Kisha nitawaeleza neva ni nini, taratibu, kama nilivyowaeleza watoto wa shule maisha yangu yote.

Ninakuahidi. Wakikimbia, nitaketi na Riziki uani kwao, nitangoja warudi.

Pumzika, Faida.

Mjomba wako