Kichwa cha Mashine Kilichokufa Jumapili

Fundi Respicius,

Mashine inafanya kazi. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya habari za mkeo. Wiki mbili baada ya kukuzika kwenye kibanja chenu, kati ya migomba, kule Ngenge, bluu ilianza kutoka na mistari myeupe, katikati ya bango la parokia. Nilichapa testi, nikaona matundu yamekatika rangi moja tu. Nikajua kichwa ni kizima, ila hewa imeingia kwenye mrija wa wino. Nikavuta wino kwa sindano, polepole, kama ulivyonionyesha, nikachapa tena, ikatoka safi. Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Kumbe unaweza."

Mwenye duka niliyemfanyia kazi miaka yote hiyo, ndiyo kwanza anajua kwamba naweza kuitengeneza mashine. Na wewe unajua kwa nini hakujua.

Nilikuja Bukoba kutoka Ijumbi sijawahi kuona mashine ya kuchapa iliyo ndefu kuliko kitanda. Ulinifundisha bila uchoyo, hilo sitalikana. Ulinifundisha kusikiliza pampu, kusubiri stika ipate moto kabla ya kuanza, kulaza roli isije ikaenda upande. Mama alikuwa akikutumia mkungu wa ndizi kila Krismasi. Alisema mtu anayemfundisha mwanao kazi ni ndugu.

Halafu ikaja ile Jumatatu. Jumamosi jioni nilikuwa nimefunga duka mimi. Nilipofika asubuhi nikakukuta na Bi Zuhura mbele ya mashine. Nyeusi imeingia kwenye njano, kichwa cha kuchapia kimekufa, na stika za boti za Kemondo zinangojewa siku hiyo hiyo. Ukasema bila kunitazama, "Jeniva hakukirudisha kichwa kwenye kofia yake Jumamosi. Kimekauka."

Nilisema nilikirudisha. Ukaniambia kwa upole, na upole huo ndio unaoniuma hadi leo, "Mdogo wangu, mtu akichoka husahau. Omba radhi yaishe."

Nikapiga magoti mbele ya Bi Zuhura na wateja wawili wakitazama.

Miaka mitatu sikugusa mashine. Niliwekwa kwenye meza ya kuchambua stika, na pini mkononi, nikitoa vipande vilivyozunguka herufi za majina ya maduka ya watu. Shingo ilizoea. Kilichonishinda ni kwamba niliamini. Nilikuwa nakumbuka vizuri kabisa mkono wangu ukibonyeza kitufe, nakumbuka mlio wa kichwa kikirudi mahali pake, lakini wewe ulisema sikufanya, nami nikaona afadhali nisijiamini mimi kuliko nisikuamini wewe. Nikaanza kurudi nyumbani kutazama kama nimefunga kufuli. Nikitoka jikoni narudi kutazama moto. Mume wangu alinicheka, kisha akaacha kucheka.

Ulipolazwa nilikuja. Uliwaomba wengine watoke. Ukanishika mkono, macho yakiwa kwenye dirisha. Nikadhani una neno. Ukasema, "Mvua zikianza, funga madirisha. Unyevu unakunja stika, itakwaruza kichwa." Nikatoka nalia, nikisema moyoni, fundi huyu, hata kitandani anawaza kazi.

Bango la msiba wako nilichapa mimi. Hapakuwa na mwingine. Nilikaa na uso wako kwenye kompyuta nikirekebisha rangi ya ngozi ili watu wasione ulivyoumwa.

Mwezi uliopita akaja Elias, yule fundi wa Mwanza, kuhudumia mashine. Alikuwa amepiga goti anasafisha kofia, anaongea tu kama watu wanavyoongea kazini. Akasema, "Hiki kichwa mkitunze, kile cha kwanza marehemu alikiua kwa thinner ya rangi za magari. Alinipigia simu Jumapili, anauliza kama kitapona. Nikamwambia, umekinywesha sumu, gundi yote ya ndani imeyeyuka."

Nikamuuliza, Jumapili ipi. Akaniambia ile iliyotangulia stika za Kemondo.

Nilikaa chini. Elias akadhani ni harufu ya dawa ya kusafishia, akaenda kufungua dirisha.

Nilimweleza Bi Zuhura siku ile ile. Alasiri alikuja na kiti cha mashine, kile chako, akakifuta kwa kanga yake, akaniambia, "Kaa. Mimi pia nilikukosea, sikuuliza mara ya pili." Yeye ametamka. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, Respicius. Tulikula sahani moja.

Kwenye misa yako ya arobaini walitaka niseme neno, mimi mwanafunzi wako. Nilikataa. Mkeo Alistidia akanifuata jikoni tulikokuwa tunamenya ndizi, akataka kujua kwa nini. Nilikuwa nimeapa nisimwambie mjane. Nikamwambia. Aliendelea kumenya ndizi nzima mpaka mwisho, akaiweka kwenye maji. Akasema, "Aliniambia kuna mtu mjini ana haki ya kumchukia. Nikamuuliza ni nani, akasema atamwendea mwenyewe akipata nguvu." Akashika kisu tena. "Waitu, ndugu yangu, sikujua ni wewe."

Kwa hiyo ulijua ulichonifanyia. Nimelizungusha hilo kichwani wiki nzima na sijui nilifanye nini. Ingekuwa rahisi kama ungekuwa umesahau.

Sasa kuna jambo jingine. Mwanao Editha amemaliza shule, na mama yake ameniomba nimfundishe kazi. Siku ya kwanza kuniomba sikukubali. Nilimtazama binti, ana paji lako la uso, nikasikia hasira ambayo haimhusu. Jumatatu iliyopita alikuja, amevaa viatu vya kanisani. Nimempa koti la kazi. Ameshajua kuweka roli. Ana mkono mzuri kuliko mimi nilivyoanza.

Fundi, nimekuombea misa, lakini sijakusamehe. Padri anasema kuombea na kusamehe vitakuja pamoja siku moja. Mimi bado naviona viwili. Lala kwenye kibanja chako. Sitakuandikia tena kwa hasira hii, imenichosha.

Ninachokuahidi ni hiki. Binti yako nitamfundisha kazi yote, sitabakiza. Sitamsimulia ya kichwa kile, ila akiniuliza sitamdanganya. Na siku nitakayoharibu kitu, nitamwita Bi Zuhura, nitasimama mbele ya Editha, nitasema, "Ni mimi."

Jeniva