Maua ya Siku ya Ine

Alhamisi, Agosti inaishia. Bertrams.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule mkavu wa mwisho wa baridi, unaopasua midomo na kujaza vumbi masikioni. Mgongo unauma. Nimekaa kitandani na simu. Dirishani kuna kikombe cha maua, na nimekipa kisogo.

Nina jambo limenikaa kooni, ndiyo maana naandika.

Mimi ni mtunza bustani huku kusini kabisa mwa Afrika. Kwa Madamu, bibi mmoja mjane, tuko wawili. Mimi naenda Jumatatu na Alhamisi. Kashindi, Mkongo wa Uvira anayeishi mtaa wa Yeoville, anaenda Jumanne na Ijumaa. Kwa hiyo kazini hatukutani, ila Alhamisi nyingine anapopita mara moja kusalimia. Tunaandikiana kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo ya vifaa. Mpira unavuja. Mkasi umeisha makali. Leo nimemwagilia, kesho usimwagilie. Mimi niliishia darasa la sita, yeye sijui aliishia wapi, lakini tunaelewana.

Nilidhani tunaelewana.

Niseme ukweli, kwa kuwa huku mtandaoni hakuna anayenijua: Kashindi namwonea wivu. Ana miaka minane pale, mimi miwili. Madamu alimnunulia mabuti ya mpira, mimi navaa raba zilizotoboka. Madamu alisoma Kifaransa zamani, basi akimwona Kashindi anafurahi kama msichana, wanaongea bonjour zao, na mimi nasimama na reki mkononi kama mti. Chai yake inakuja kwenye kikombe chenye kisosi. Yangu inakuja kwenye kikombe cha bati. Na jioni anarudi kwa mke wake aliyempikia sombe, kisamvu cha kwao. Mke wangu yuko Lushoto, namsikia kwenye simu tu.

Ni vitu vidogo. Lakini mtu ukichoka, vitu vidogo ndivyo unavyovihesabu.

Huku kuna majira ambayo kwetu hayapo. Miezi ya baridi nyasi zinageuka rangi ya mkeka mkuukuu, miti inabaki mifupa mitupu, halafu mwisho wa Agosti kitu kinachungulia kwenye tawi. Wenyewe wanayaita springi. Mwaka wangu wa kwanza Madamu aliniambia springi inakuja wiki hii. Mimi springi ninazozijua ni za kitanda. Nikaenda kukaa getini kusubiri gari la mizigo. Madamu akamsimulia Kashindi, na Kashindi alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo haniiti jina langu. Ananiita Springi.

Mwezi wa saba niliupogoa mpichi wa Madamu, ule uliopandwa na marehemu mume wake. Baba yangu alikuwa na mipichi mitatu nyuma ya nyumba, kwa hiyo kazi hiyo naijua: usipoukata kwa ukali, unajaa matawi na matunda yanakuwa kama kokoto. Nikaukata kwa ukali. Madamu alipotoka akaweka mkono mdomoni. Hakufoka. Alisema taratibu kwamba anakwenda kukaa kwa binti yake, na akirudi akakuta mti haujachipua, atajua nimeuua, na siku zangu atapewa Kashindi.

Siku zangu. Kashindi.

Kuanzia hapo, kila nilipofika pale kitu cha kwanza kilikuwa kwenda kwenye mpichi, hata kabla ya kuvua koti. Nilipapasa matawi kwa vidole kama mtu anayetafuta funguo gizani. Wiki zikapita, hakuna kitu.

Jumatatu hii nikayakuta. Matumba yamevimba, mawili yamepasuka ncha, na ndani yake rangi ya waridi. Nilicheka peke yangu. Halafu nikaenda stoo kuchukua mkasi, na mlangoni nikakuta maneno ya Kashindi aliyoyaacha Ijumaa:

MADAME ANARUDIA SIKU YA INE. ANGALIA MUTI.

Siku ya nne. Nikasoma Jumanne. Yaani kesho yake, siku ya Kashindi.

Furaha yote ikanitoka. Nikaiona picha nzima: Madamu anashuka kwenye gari, Kashindi amesimama chini ya mpichi na yale mabuti yake, anamwonyesha maua kwa Kifaransa, na kikombe chenye kisosi kinatoka. Maua yangu. Baridi yote nimeyasubiri mimi, na mwenye kuonekana ni yeye.

Nikachukua mkasi, nikakata kila kijiti chenye tumba lililovimba, vyote nilivyoweza kuvifikia nikiwa chini. Vijiti tisa. Nikavificha ndani ya koti. Niliwaza kwamba yale madogo yatafunguka Alhamisi, siku yangu, na Madamu atayaona na mimi. Kwetu hiyo inaitwa roho ya kwa nini, na nilikuwa nayo kifuani pamoja na hayo maua, yananichoma kwenye shati.

Nilipofika chumbani nilishindwa kuyatupa. Nikayaweka kwenye kikombe cha maji.

Leo asubuhi nimefika nikakuta mpichi umevaa pazia. Pazia la dirishani, la nyavu, jeupe, limefungwa kwa kamba kuzunguka matawi kama bibi harusi. Nikakimbilia mlango wa stoo.

SPRINGI, BANDEGE BAMEKULA MAUA YAKO. NIMEVALISHA MUTI.

Maua yako, ameandika.

Bado nimesimama pale nikasikia geti. Ni Kashindi mwenyewe. Alhamisi anafanya kazi nyumba ya tatu kutoka hapo, alikuwa ametoroka mara moja.

"Weye Springi! Madame anafika saa hii, na hujafungua pazia? Bibi yangu ataniua, ni pazia ya sebuleni hiyo!" Bibi kwao ni mke.

"Anafika leo? Si uliandika Jumanne?"

"Jumanne gani? Niliandika siku ya ine." Akahesabu kwa vidole vyenye udongo. "Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine. Njo leo. Siku yako! Ile maua nilianza kuiona siku ya tano. Nikasema apana, nitanyamaza, aionyeshe yeye mwenyewe. Muti ni wake."

Siku ya tano kwao ni Ijumaa. Wiki yao inaanza Jumatatu. Miaka miwili tunaandikiana leo na kesho, hatujawahi kuandikiana jina la siku. Labda ningejiuliza, kama moyo wangu ungekuwa umetulia.

"Pole, kaka," akasema. "Bale bandege ya kijivu, ya kishungi. Banashinda juu ya ukuta, banatupigia kelele ondokeni, ondokeni, halafu bao njo banakula."

"Hata hao wanatufukuza," nikasema. Akacheka sana. Mimi nikajifanya nakagua kamba za pazia.

Gari likaingia. Madamu akashuka na kijikoba chake, akamsalimia Kashindi kwa Kifaransa, akaja moja kwa moja kwenye mpichi. Tukafungua kamba, mimi upande huu, Kashindi upande ule. Pazia likaanguka. Madamu akaanza kutazama tawi moja moja, na kila tawi alilotazama lilikuwa na kidonda changu kibichi nchani. Nikaona amekaza midomo. Nikajua basi, nimekwisha, na nimejimaliza mwenyewe.

Halafu nikaliona. Juu kabisa, kwenye tawi ambalo Jumatatu niliona uvivu kulifuata kwa ngazi, ua moja lilikuwa limefunguka nusu. Nililiona kabla yao. Kashindi naye akaliona, nikajua sasa atasema, ana Kifaransa chote cha kusemea.

Akanisukuma mgongoni kwa kiwiko. "Sema," akanong'ona.

Nikanyoosha kidole. Kiingereza chote kilinikimbia, likabaki neno moja.

"Madamu. Springi."

Madamu akatazama juu. Kwanza akacheka, kisha akatoa leso. Akasema mti ubaki, na mimi nibaki. Akauliza pazia ni la nani, na Kashindi akajibu kwa Kifaransa maneno mengi, mkono wake ukiwa begani kwangu. Baadaye chai ikaja. Yake kwenye kikombe chenye kisosi, yangu kwenye kikombe cha bati.

Na hata pale, baada ya yote hayo, niliona wivu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Lakini sikumwambia kwamba aliyekata maua ni mimi. Alikunja pazia la mke wake, lilikuwa limechanika pembeni, akanitania kwamba Jumapili analeta sombe hapa chumbani kwangu na nyama natoa mimi. Nikasema karibu.

Vijiti tisa vyote vimechanua. Joto la chumba limeviharakisha. Kashindi ni mtu wa bustani, hahitaji kuambiwa kwamba ndege hakati kijiti kwa mshazari, juu kidogo ya jicho la tawi, pale linapochipukia. Kukata hivyo ndivyo tunavyokata mimi na yeye. Na Jumapili akifungua mlango wangu, kitu cha kwanza atakachokiona ni dirisha.

Jioni hii nimekishika kile kikombe mara mbili. Mara ya kwanza nilifika nacho mpaka kwenye pipa la taka kule uani.

Mara ya pili nilimwaga maji ya zamani, nikaweka mapya, nikakirudisha dirishani.