Mpira wa Themanini

Jumatatu, Houston. Joto la leo linanata mwilini, na mvua imetishia asubuhi yote bila kunyesha. Niko kwa dada yangu Njeri, ambaye ni nesi hapa. Timu inapumzika leo. Mimi nimechoka na moyo hauna raha, kwa hiyo acha niandike kabla sijashika barabara ya kurudi Dallas.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nafanya kazi na timu ya besiboli ya ligi ya chini, ile ambayo wachezaji wake wanangoja kuitwa ligi kuu. Kanisani kwetu Dallas bado wanadhani nauza tiketi. Kazi yangu ni kusoma kamera. Zimefungwa juu kuzunguka uwanja, na kila mchezaji anaposogea zinachukua bega lake, kiwiko chake, goti lake, na kuvigeuza kuwa namba. Mimi natafuta namba zinazobadilika polepole kiasi kwamba macho ya mtu hayaoni.

Ramiro ni mmoja wa warushaji wetu, wale wanaomrushia mpigaji mpira. Bado mdogo, ametoka Jamhuri ya Dominika, na akirusha mpira hata mimi niliyelelewa na kandanda huacha ninachofanya nikatazama. Katika mechi zake mbili zilizopita niliona kitu. Akianza kuchoka, mkono wake unashuka na kiwiko kinachelewa nyuma ya bega, lakini kasi ya mpira haipungui. Hapo ndipo pa kuogopa. Kuna mahali mwilini panapolazimishwa kuitoa ile kasi, na mara nyingi ni ile kano ya ndani ya kiwiko, inayoshikanisha mifupa. Ikikatika ni upasuaji, halafu mwaka mzima nje au zaidi, na wengine hawarudi tena.

Nikaandika kwenye ripoti: asirushe zaidi ya mipira themanini kwa mechi. Kocha akakubali. Ramiro naye aliambiwa, akaitikia kwa kichwa.

Kisha ikaja mechi ya jana alasiri.

Mechi ina awamu tisa, na tangu ya kwanza mpaka ya sita hakuna mpigaji wa Houston aliyeupiga mpira wake akafika hata kituo cha kwanza. Hata mmoja. Mrushaji akiimaliza mechi namna hiyo anakumbukwa maisha yake yote, na wakubwa wa ligi kuu wanaanza kuulizia jina lake. Wengi wanastaafu bila kuonja siku kama hiyo.

Na ina mwiko wake. Jambo hilo likishaanza, halitajwi. Hakuna anayemsemesha mrushaji, hakuna anayekaa karibu naye kwenye benchi, hata kikundi chetu cha simu, ambacho huwa hakinyamazi, kilikuwa kimya. Nilipoanza kazi hii niliucheka sana mwiko huo. Jana nilikuwa nimefunga mdomo kama wengine wote.

Sasa shida ikawa hapo. Kocha hakuweza kuniuliza kama themanini inaweza kusogea ikawa tisini, kwa sababu kuuliza ni kutaja. Alichofanya, awamu ya saba ilipoanza, ni kutoka benchi na kuinua macho hadi kwenye dirisha la chumba chetu cha kamera, kule juu. Nilimwona vizuri kabisa. Nilijua anauliza nini, na nilijua kwamba nikiitikia kwa kichwa tu atamwacha aendelee.

Kwenye skrini, mkono wa Ramiro ulikuwa umeshuka kidogo. Kidogo ambacho siku nyingine nisingekijali.

Nikainamia kompyuta yangu.

Themanini ilipofika, kocha akaenda kumtoa. Uwanja mzima ulizomea, hata mashabiki wa Houston waliokuja kutuona tukishindwa. Mrushaji aliyeingia badala yake, mpira wake wa pili ulipigwa mpaka ukutani, na yote yakaishia hapo. Mechi tulishinda. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyewasha muziki.

Njeri alikuwa ametazama kwenye simu. "Aki hata mimi nisiyeelewa hii game nilifeel vibaya," akaniambia nilipofika. "Si mngemwacha tu amalize?"

Nikamweleza habari ya kiwiko. Akasikiliza, maana mambo ya mwili anayajua. "Sawa," akasema, "lakini mimi huko kazini huletewa wale wameshaharibika. Sijawahi letewa mtu eti ni-confirm angeharibika." Nikamwambia chai yake inapoa.

Leo asubuhi Ramiro amepelekwa kupigwa picha za kiwiko. Nilikwenda na kompyuta ili nimwonyeshe daktari namba zangu, halafu tukakaa nje mimi na Ramiro kungoja. Kiingereza chake bado ni cha kuokoteza, kwa hiyo tunaongea polepole.

"Mama alikuwa anatazama," akasema. "Majirani walikuja, nyumba ilijaa."

Nikamwambia pole.

"Na wasipoona kitu?" akauliza. "Utaniambia nini?"

Nikasema tumngoje daktari.

Hapa niseme ukweli, maana sina mahali pengine pa kuusema. Niliomba pale kwenye kiti, kimoyomoyo. Sikuomba kiwiko kiwe kizima. Niliomba waone kitu, hata alama ndogo tu, nijue kwamba sikumnyang'anya siku yake bure. Mtoto wa watu amekaa kando yangu ameushika mkono wake, nami naomba uwe mbovu.

Daktari akatoka akitabasamu. Kiwiko hakina neno.

Ramiro aliondoka bila kuniaga, na sikumlaumu.

Ripoti ya mechi yake ijayo inatakiwa kesho. Nimezipitia namba upya, na bado zinaniambia themanini. Nitaiandika hiyo hiyo. Ila safari hii nitampelekea Ramiro mwenyewe, mkononi, na nitamwambia nilichokuwa naomba pale tulipokuwa tunamngoja daktari.