Bata Mzinga wa Mama Mkwe

...kwa hivyo simu ilipokatika, Mama, ndiyo kwanza nilikuwa nafika kwa bata mzinga. Ulisikia "mama mkwe amenipa" ukadhani ni zawadi. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini kwanza niambie, goti limepoa? Siku hizi unapata usingizi? Huku mtaani Rhonda mimi na mume wangu Kiprono tuko salama, na ninapendwa, Mama, mpaka najikuta natabasamu peke yangu nikimenya viazi vya kibanda chake cha chipsi.

Sasa sikia. Tangu harusi sijajua kama mama yake amenikubali. Haninunii, hanichekei. Wiki jana alishuka kutoka Mau Narok na bata mzinga akiwa hai chini ya kwapa, akaniambia, "Jumapili nakuja na mzee. Tunataka kuonja mkono wako." Chai hakunywa. Nikajua huo ni mtihani.

Nilitaka kumkata kwenye viungo vile ulinifundisha, kila mtu apate kipande chake. Kiprono akakataa. "Mpenzi, huyu ataingia kwenye mafuta akiwa mzima, akae mezani kama malkia. Kama wewe." Mtu akikuambia hivyo utabishana naye?

Tulipomchinja na kumnyonyoa, Kiprono akaazima sufuria kubwa ya kanisa. Akamweka bata ndani, akamwaga maji hadi yakamfunika, akamtoa, akatia alama pale maji yaliposhukia. "Mafuta yasipite hapa, yatamwagikia moto." Kisha tukamfuta kwa kitambaa nje na ndani hadi akakauka kabisa, kwa sababu mafuta moto yakikutana na maji yanaruka. Tukampaka chumvi, pilipili na kitunguu saumu.

Kumfunga ndiyo ilikuwa kazi! Mabawa tuliyakunja mgongoni, miguu tukaikutanisha kwa kamba ya katani, tukaacha kitanzi cha kumshushia kwa ndoano. Mimi nashika miguu, yeye anakaza fundo, mara kidole changu kiko ndani ya fundo. "Sasa itabidi niwakaange nyote wawili," akasema. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta: "Nyinyi maharusi, hebu pumzisheni watu!"

Mama, alitoka kwenye mafuta rangi ya kahawia, anang'aa, ngozi inalia kach kach. Firigisi nilikuwa nimeikaanga kando. Wageni walipoketi mezani Jumapili, nikamwekea baba mkwe, peke yake kwenye sahani, kwa heshima zote.

Mzee akaiangalia. Akaangalia mapaja na vidari kwenye sahani za wengine. "Msichana wangu," akauliza polepole, "mimi nimekukosea nini?"

Kiprono akakohoa kuficha kicheko. Nikaeleza kwamba kwetu Kimilili firigisi ni ya mwenye boma, mwanamke haigusi. Sijamaliza, mama mkwe akanyoosha mkono, akaichukua, akaitia mdomoni! Akatafuna akiniangalia tu.

"Haya mambo ulifundishwa na nani?"

"Na mama yangu."

"Na yeye hajawahi kuionja?"

"Hajawahi, Mama."

"Huyo mama lazima nimwone," akasema, kisha akaongeza nyama. Mara mbili.

Walipoondoka nilimuuliza Kiprono kama nimepita au nimeanguka. Akasema, "Mimi mwenyewe alinizaa na simwelewi." Akanikumbatia, nikasahau kidogo, lakini usingizi haukuja. Mtu aliyeudhika anaongeza nyama mara mbili? Na aliyeridhika anaondoka bila kusema asante?

Nisalimie Baba, umwambie heshima yake ya firigisi nilijaribu kumpa mzee wa Mau Narok, ikaliwa na mkewe. Msalimie kaka Wafula na ng'ombe wake, na shangazi muuza ndizi.

Leo asubuhi mama mkwe amepiga simu kuuliza njia ya Kimilili. Anakuja kukushukuru au kukushtaki, Mama, mimi sijui. Ila jiandae, tutafika sote watatu, yeye, Kiprono na mimi, kabla mwezi huu haujaisha.

Binti yako anayekupenda,
Nekesa